Binti Asiyebahatisha

Mzee Romwaldi wa Lizaboni hakuwa mtu wa kuamini ovyo. Alimshuku muuza mkaa. Alimshuku fundi baiskeli. Na sasa, jamani, alimshuku hata binti yake wa kumzaa.

Anjelika alisoma chuo cha mifugo, mwaka wa mwisho. Alikuwa nyumbani kwa likizo. Asubuhi moja nguruwe jike wa baba yake alikataa pumba. Mwili ulikuwa wa moto, na ngozi ilikuwa na mabaka mekundu.

“Ni ugonjwa gani?” baba aliuliza.

Anjelika alimpima joto, akamkagua kwa muda. “Sijui, baba. Yako magonjwa mawili yanayofanana hivi. Mmoja una dawa, mwingine hauna. Ngoja nimpigie daktari wa mifugo.”

Romwaldi alimtazama kwa jicho la pembeni. Miaka yote hiyo, halafu hajui? Labda darasani haingii. Labda ana mambo yake huko. Dalili ya mvua ni mawingu.

Mara akafika Urbani, muuza kitimoto wa Majengo, kisu mkononi. “Mzee, tumchinje kabla hajafa. Nani atajua?”

“Mimi nitajua,” Anjelika alisema. Akasimama mlangoni mwa banda. “Nyama ya mnyama mgonjwa inaweza kudhuru watu. Tena inasambaza ugonjwa kwa nguruwe wa majirani.”

Romwaldi alipandwa na hasira. “Basi chuoni hurudi. Utabaki hapa ulime mahindi.”

Machozi yalimlengalenga Anjelika. Chuo alikipenda mno. “Sawa, baba. Lakini nguruwe hachinjwi.”

Urbani aliondoka akinung’unika. Daktari Justa, aliyepigiwa simu na Anjelika, alifika mchana, akasimuliwa yote yaliyotokea, akamkagua nguruwe.

“Shikamoo, mzee. Kwa macho tu hata mimi siwezi kusema. Nachukua damu ikapimwe. Kwa sasa namchoma sindano. Nguruwe asitoke, na mgeni asiingie bandani.”

Romwaldi alikunja uso. “Wewe na huyu mmepanga, siyo?”

Justa alicheka. “Simfahamu, mzee. Ila nakwambia, wa kuogopa ni yule anayebahatisha. Kusoma vitabu ni lazima. Lakini anayehitimu awe pia mkweli, ajue kuuliza wenzake. Na jambo baya alikatae, hata mbele ya baba yake. Hilo ni gumu kuliko mtihani.”

Romwaldi usiku huo aliona aibu.

Kesho yake nguruwe alikula. Baadaye majibu yalikuja: ulikuwa ule ugonjwa wenye dawa. Romwaldi alimwita binti yake. “Nilikudhania vibaya, mwanangu. Funga mizigo, urudi ukamalize.”

Kabla Anjelika hajaondoka, Urbani alibisha hodi. Kisu hakuwa nacho. “Mzee, nguruwe wangu mmoja hali kitu tangu jana.”

Romwaldi alimkazia macho. “Hujamchinja ukauza?”

“Sijamgusa, mzee. Namtaka Anjelika.”

“Basi simama hapo hapo nje, mbali na banda,” Romwaldi alisema, akigeukia chumba cha binti yake. “Namwita daktari wangu.”