Majibu Aliyoyaacha Mama

Jua lilipozama, Fundi Ratiba alifungua ofisi yake kwa dakika tano tu, achapishe karatasi za safari, afunge, akalale. Alfajiri yeye na mkewe walikuwa wanaondoka kwenda mapumzikoni. Dada yake mkubwa alimfuata nyuma kuchukua funguo za nyumba, maana ndiye angewalindia.

Jina hilo alipewa na wateja. Kazi yake ilikuwa kukaa na mtu mbele ya kompyuta, programu ikamuuliza: unapenda nini, unachoka upesi, unaogopa nini. Kisha ikamshonea safari ya kumkaa mwilini kama nguo. Maswali yalikuwa arobaini, na kila mteja aliulizwa yote. Kwa safari yake mwenyewe aliona uvivu. Alichukua faili la zamani lililokwisha kujazwa, akabadilisha majina na tarehe, basi.

Faili lilikuwa la mama.

Miaka mitatu nyuma mama alikaa kwenye kiti kile kile, akajibu yote arobaini huku akicheka kama bibi harusi. Kila alipopiga simu kuuliza safari lini, mwanawe alimjibu, "Kompyuta imegoma, mama. Vuta subira."

Haikuwa imegoma hata siku moja. Uongo huo hakumwambia mtu mwingine, hata kwenye sala aliupita pembeni, kana kwamba Mungu haoni. Mama akavuta subira mpaka akazikwa nayo.

Printa ikakohoa. Dada akachukua karatasi.

"Mbona mnakwenda watatu?"

"Wawili, dada."

"Mimi sijui kusoma? Wanaokwenda, watatu. Kiti cha dirishani, mmoja. Gari lisimame kila saa kwa ajili ya magoti... Chumba kiwe cha chini..."

Akamgeukia taratibu.

"Umechukua majibu ya mama yetu ukayafanya starehe yako na mkeo?"

"Yalikuwa tayari yamejazwa..."

"Tayari. Yeye pia alikuwa tayari. Begi lake lilikaa mlangoni mpaka likajaa vumbi. Mwanamume mzima huna haya."

Fundi akamfuta msafiri wa tatu kwenye kompyuta. Msafiri akarudi. Akafuta tena.

Akarudi.

Ndipo harufu ikaja. Dawa ya kuchua magoti, ile kali ya kopo la bati... Kiti cha wateja kikalia, kama kinavyolia mtu mzito anapojikalisha kwa shida.

Hakukuwa na mtu.

Kwenye kioo cha kompyuta likatokea swali. La arobaini na moja.

*Safari lini?*

"Mjibu," dada alinong'ona. Machozi yalimtoka, lakini uso ulikuwa wa hasira. "Leo mjibu."

Fundi akaandika: *Haipo.* Akachomoa waya ukutani. Karatasi ya mwisho ilikuwa imeshatoka, nayo ilikuwa na mistari miwili.

*Wanaokwenda, watatu.*

*Wanaorudi, wawili.*

Dada alizitupa funguo mezani. "Ilinde mwenyewe hiyo nyumba," akasema, akatoka.

Palepale Fundi alimpigia dereva, akaivunja safari. Akamwambia mkewe kwamba gari ni bovu; uongo mwingine, Mola amsamehe. Usiku kucha alipiga magoti akitubu, kwa mara ya kwanza akiutaja uongo ule wa kwanza kwa jina lake. Akaona moyo umetulia.

Njia ya mwongo ni fupi. Alfajiri honi ikalia mlangoni.

Alitoka mbio. Dereva alikuwa anafunga mizigo, na kati ya mabegi ya mkewe kulikuwa na moja la zamani, lina vumbi.

"Si nilikwambia usije?"

"Bibi mmoja mzee alinipigia baada yako, bosi." Dereva alishusha sauti, akatupa jicho kwenye vioo vyeusi vya nyuma. "Ana hasira huyo bibi, sijapata kuona. Kasema leo hata kompyuta ikigoma, tunaondoka."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo. Mkewe alikuwa ameshapanda. Alikuwa amekaa katikati, amejibana, kama mtu aliyempisha mwingine dirishani.