Ruta ya Kabatini

Fundi cherehani alikuwa na kabati la chuma sebuleni. Humo alitunza vyombo vya wageni, na kati ya vikombe aliweka ruta, kile kisanduku kinachopokea intaneti na kuigawa nyumbani. Aliifunika kwa kitambaa alichokitarizi maua madogo, akafunga kwa ufunguo. Kuku wa nyumba ile hawakuwa na adabu, na vumbi halikuwa na huruma.

Siku moja binti yake alitoka chumbani macho mekundu.

"Mama, imekata tena! Kesho nina usaili kwa video. Nikikatika katikati, chuo cha uuguzi nimekikosa."

"Baba yako si ameongeza bando?"

"Nimeongeza kubwa kabisa," mume alisema. "Sasa sijui inataka mahari!"

Fundi hakucheka. Alimkimbilia jirani yao, mama anayefunga vifaa vya sola na intaneti.

Jirani alifika, akaangaza macho. "Ruta iko wapi?"

Fundi alifungua kabati kwa maringo. Jirani akashika kiuno.

"Mwenzangu, mbona umeitia jela?"

"Nimeitunza!"

"Umeitunza kupita kiasi. Sikiliza. Bando ni maji tangini, mawimbi ni bomba. Tangi limejaa, lakini bomba umeliziba. Chuma kinazuia mawimbi. Halafu mnara wa simu uko nyuma ya nyumba, huku mbele ni mlima mtupu."

"Kumbe!" Fundi aliona haya, kisha akacheka mwenyewe.

Jirani alizunguka nyumba na simu, akipima mawimbi kila dirisha. Dirisha la chumba cha kushonea lilishinda yote. Wakaiweka ruta hapo, juu, bila kitambaa.

"Bati la paa nalo linapunguza nguvu," jirani alisema. "Tufunge antena nje, juu ya nguzo, ielekee mnara. Na muwe na betri ndogo, umeme ukizimika ruta isizimike."

Mume alipanda ngazi, jirani akimwelekeza kutoka chini. Kufikia jioni kazi ilikuwa imekwisha.

Kesho yake binti aliketi kando ya cherehani, simu mbele yake. Alijibu swali baada ya swali, na intaneti haikukata hata mara moja. Fundi alijibanza mlangoni nyuma yake, kitambaa mkononi, akiomba kimoyomoyo.

Msaili alitabasamu.

"Na mama aliye mlangoni asijifiche," alisema. "Tunamwona vizuri, mpaka maua ya kitambaa chake."