Kidole Kinywani mwa Mbuzi

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Mama Mbuzi aliingia bandani. Wateja wake wa maziwa ndio waliompa jina hilo, naye hakulikataa. Mwaka huo mbuzi wake mmoja alikufa akizaa, akaacha vitoto viwili. Mama Mbuzi alivifundisha kunyonya chupa kwa njia yake mwenyewe. Alichovya kidole kwenye maziwa, akakitia kinywani mwa kitoto, na kitoto kikishanogewa aliingiza chupa taratibu. Vidole vyake vilikuwa na michubuko ya kukata majani. Hakuijali.

Vitoto vile vilikuwa na magamba midomoni. Alidhani vimechomwa na miba. Baada ya siku chache, kidole chake kikatoa kipele chekundu. Hapo pia akausingizia mwiba. Kipele kikakua kama punje ya hindi, kikaanza kutoa majimaji. Akakifunga kitambaa, akaendelea na kazi.

Wakati huo nyumbani kulikuwa na wifi yake, dada wa mumewe. Alikuwa ameachika, akarudi kwa kaka yake na sanduku moja. Hakuwa mtu wa kukaa bure. Alitengeneza sabuni nyuma ya nyumba, na siku moja akampa Mama Mbuzi kipande cha kuogea.

Siku tatu baadaye mikono ya Mama Mbuzi ikatoka mabaka. Yalikuwa ya mviringo, mekundu, duara ndani ya duara, na yaliwasha. Akaikumbuka ile sabuni. Kumbe wifi hakumpa sabuni bure!

Aliificha ile sabuni nyuma ya gunia la pumba, akarudia ya dukani. Mabaka yakaongezeka hadi viwikoni. Mtu mwingine angeona kwamba sabuni haina kosa. Yeye aliona kwamba wifi ana mbinu nyingine. Akaanza kujipakulia chakula mwenyewe. Kila kikombe alikisuuza mara mbili. Wifi akiingia jikoni, yeye alitoka nje, kisha akachungulia dirishani mpaka shingo ikamuuma.

Hatimaye akamwambia mumewe, fundi baiskeli, kwamba tangu dada yake aje yeye hana raha. Ama dada aondoke, ama aondoke yeye. Mume aliitazama ile mikono. Akakubali shingo upande. Jumamosi dada angehamia kwa shangazi yao, na wote walijua shangazi hamtaki.

Ijumaa vitoto viligoma kunyonya. Mama Mbuzi akamwita daktari wa mifugo, mwanamke mrefu mwenye viatu vya mpira. Daktari alivaa glavu kabla ya kumgusa mbuzi yeyote. Mama Mbuzi akaona hayo ni maringo tu.

"Unavinyonyesha vipi?" daktari akauliza.

Mama Mbuzi akainua kidole. Daktari akawaacha mbuzi, akakitazama kidole.

"Hiki kidonda kina muda gani?"

"Wiki tatu. Ni mwiba."

"Na haya mabaka?"

Mama Mbuzi akashusha sauti. "Hayo ni mambo ya watu. Kuna mtu humu ndani ananichezea."

"Aliyekuchezea ni huyu," daktari akasema, akaonyesha kitoto cha mbuzi. "Huu ni ugonjwa wa vidonda vya midomo. Unaletwa na virusi, na unawapata mbuzi na kondoo. Ukigusa magamba haya ukiwa na mchubuko, virusi vinaingia."

"Mbona mabaka yamefika hapa? Mimi sikumnyonyesha mbuzi kiwiko."

Daktari akacheka. "Mwili wako unapigana na virusi. Kwa baadhi ya watu, wiki mbili tatu baada ya kipele, mapigano hayo yanaonekana kwenye ngozi, hata mahali ambapo mbuzi hakugusa. Mabaka hayo hayaambukizi. Lakini mimi daktari wa mbuzi. Nenda zahanati leo hii."

Huko zahanati, muuguzi alimuuliza kuhusu kazi yake, kisha akamtazama macho na mdomo. Akamwambia kwamba daktari wa mbuzi amesema kweli. Asikikamue kipele wala kukikata. Akioshe, akifunike kwa kitambaa safi. Akapewa dawa ya kupunguza muwasho. Akiona usaha, homa, vidonda mdomoni au macho mekundu, arudi haraka.

Njia nzima ya kurudi Mama Mbuzi alikuwa na aibu. Alimkuta wifi anafunga sanduku, na mume amesimama mlangoni kama mgeni.

"Wifi, fungua hilo sanduku," Mama Mbuzi akasema. "Nilimwambia kaka yako kwamba unanidhuru. Haikuwa kweli. Nimeugua ugonjwa wa mbuzi."

Wifi hakuinua macho. "Vikombe ulikuwa unavisuuza mara mbili," akasema. "Nilikuwa nakuona."

Mume naye akaomba radhi. Wifi alibaki, lakini salamu zake zilikuwa kavu.

Bandani mambo yalibadilika. Mama Mbuzi alivitenga vile vitoto viwili na mbuzi wengine. Alivaa glavu, akafunika michubuko, na akitoka aliosha mikono kwa maji na sabuni. Kidole hakikuingia tena kinywani mwa mbuzi. Alidondosha maziwa kidogo kidogo kutoka kwenye chupa, na vitoto vikajifunza. Baada ya mwezi midomo yao ilikuwa safi. Mabaka ya Mama Mbuzi yalififia mapema, na kidole kikapona wiki ya sita. Wifi alichelewa zaidi.

Asubuhi moja wifi aliingia bandani akiwa amevaa glavu. Akaomba kuonyeshwa namna ya kushika chupa. Wakaketi, kila mmoja na kitoto chake.

"Siku nyingine ukiwa na shaka na mimi, niulize," wifi akasema.

"Nitakuuliza. Na utakachosema, nitakiamini."

"Usiniahidi makubwa. Wewe anza na kuuliza."