Kitu Nisichokitumia

Jioni ile nilitumwa kupeleka mashuka.

Mdogo wangu wa kike alikuwa dobi. Tulipanga vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa chake: meza ya kupigia pasi, kamba za nguo, harufu ya sabuni na mvuke. Cha nyuma nililala mimi na vifaa vyangu vya muziki, ingawa ukweli ni kwamba vifaa ndivyo vilivyolala, mimi nilijibanza pembeni. Vinanda viwili. Magitaa matatu. Mixa ya kuchanganyia sauti. Spika nne. Maikrofoni tano. Mashine ya ngoma ambayo haikuwa imevuliwa hata nailoni yake. Mchana nilitoa fotokopi kwenye duka la vifaa vya ofisi, na majirani waliniita Prodyuza. Hawakuniita hivyo kwa heshima. Miaka sita, na sikuwa nimetoa wimbo hata mmoja.

Kupiga sikuweza. Kwenye gitaa nilijua nyimbo mbili, zote za kuishia katikati. Kila nilipokwama nilijiambia hili gitaa ndilo bovu, nikipata lile lingine mambo yatanyooka. Nalipata lile lingine. Wiki mbili za mapenzi, kisha linaegemea ukuta na wenzake.

Mdogo wangu yeye aliimba. Aliimba tangu anaamka mpaka pasi inapoa, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku. Alikuwa na wimbo mmoja wa kuutunga mwenyewe, juu ya mama yetu alivyokuwa akikunja nguo za watu usiku ili sisi tuvae zetu asubuhi. Wateja waliofuata mizigo yao walisimama mlangoni mpaka aumalize, wakijifanya wanakagua mashati.

Wiki ile kiongozi mmoja wa bendi, aliyekuwa akileta suti zake kwetu, naye akasimama mlangoni. Alipoondoka alimwambia Chiriku, "Nirekodie huo wimbo, unipe Jumamosi nikija kuchukua suti. Natafuta mwimbaji. Hata kwa simu, sawa tu."

Chiriku alinijia mbio, mikono bado ina povu.

"Kaka, nirekodi!"

"Kwa maikrofoni hizi? Zina mkwaruzo. Subiri nipate nzuri."

"Basi kwa simu."

"Simu itakuaibisha."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne akaniuliza tena. Jumatano hakuuliza. Alikaa tu kwenye kizingiti cha chumba changu na kikombe cha maji, akinitazama ninavyoangalia picha za maikrofoni kwenye simu.

Simu ile ile.

Alhamisi, jua linazama, akanipa furushi. "Mashuka kumi na mawili. Ya yule mama mgeni, jengo la nyuma ya stoo za mbao, ghorofa ya nne. Mimi nimezidiwa na mashati hapa. Halafu ukirudi turekodi, kaka. Kwa chochote."

"Turekodi," nikasema, huku mguu mmoja uko nje.

Ngazi za jengo lile hazikuwa na taa. Nilipanda nikipapasa ukuta. Ghorofa ya kwanza nilisikia redio, ya pili mtoto analia. Ya tatu kimya. Ya nne kulikuwa na harufu... kama ya ndani ya sanduku lililofungwa miaka mingi, likafunguliwa ghafla.

Mlango ulikuwa wazi kidogo.

"Hodi?"

"Karibu... pita, mwanangu..."

Ulikuwa mnong'ono. Mama wa makamo alisimama katikati ya sebule, mtandio umemzunguka shingo mpaka chini ya kidevu. "Unisamehe," akanong'ona. "Sauti iliniishia zamani."

Sebule haikuwa na kiti. Ilikuwa na vitu vimesimama, vya kufika kifuani, kila kimoja kimefunikwa shuka lililogeuka njano. Alipokea mashuka yetu na kuanza kubadilisha. Alilitandaza jipya juu kwanza, ndipo akalivuta lile kuukuu kwa chini. Kilichokuwa ndani sikukiona hata ncha.

"Ni vyombo vya muziki?" nikauliza. Mate yalishaanza kunijaa.

"Unapenda vyombo?"

"Sana."

Akaingia chumbani akatoka na boksi. Ndani yake mlikuwa na maikrofoni nyeusi, nzito, baridi kama imetoka mtoni. Niliisogeza mdomoni tu, nikasikia pumzi yangu ikinirudia masikioni, safi, yenye kina. Haikuwa imechomekwa popote.

Nilipaswa kukimbia. Nikauliza bei.

"Sitaki hela," akanong'ona. "Nipe kitu kimoja kilichoko nyumbani kwako. Unacho kila siku na hukitumii."

Nikacheka. "Mama, vya namna hiyo vimejaa chumba kizima."

"Kimoja tu."

Nikaiwazia mashine ya ngoma. Nikaionea uchungu. Nikaviwazia vinanda, hata kile kibovu, navyo nikavionea uchungu. Sikutaka kutaja hata kimoja kwa mdomo wangu.

"Chagua mwenyewe," nikasema. "Njoo kesho uchague."

"Si lazima nije. Sema tu umenipa."

"Nimekupa."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza usoni. "Hata kama kuna mtu anasubiri ukitumie?"

Nilikaa kimya kidogo. Boksi lilikuwa tayari kwapani.

"Nimekupa," nikarudia.

Shuka moja likatikisika. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Nilishuka ngazi mbilimbili, na nilipofika nyumbani nilipitiliza chumbani bila hata salamu. "Chiriku! Njoo! Leo ndiyo leo!" Alikuja akijifuta mikono. Nilimsimamisha mbele ya stendi, nikafunga maikrofoni mpya, nikachomeka waya kwenye mixa, nikavaa spika za masikioni.

"Haya. Anza."

Taa za mixa hazikupanda. Sauti ikiingia huwa zinapanda moja baada ya nyingine, kijani, kijani, njano. Zilibaki zimelala.

"Ngoja. Waya huu."

Nikabadilisha waya. "Anza." Hakuna. Nikahamisha tundu. Hakuna. Nikafungua kichwa cha maikrofoni, nikapuliza, nikafunga. Nikaitukana mixa. Nikawaza kwamba sasa nahitaji mixa mpya, na Mungu anisamehe, kwa sekunde kadhaa wazo hilo lilinifurahisha.

Robo saa nzima nilikuwa nimeinamia nyaya.

Nilipoinua kichwa, Chiriku alikuwa bado anaimba. Mdomo unafunguka, unafumba. Mishipa ya shingo imesimama. Machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Na chumba kilikuwa kimya.

Nikavua zile spika za masikioni. Kimya vilevile. Akashika koo kwa mikono miwili, akanitazama kama anavyonitazama tangu utotoni kitu kikiharibika. Kana kwamba kaka atatengeneza.

Nilitoka mbio na maikrofoni mkononi, waya unaburuzika nyuma yangu. Giza lilikuwa limeshaingia. Ghorofa ya kwanza, redio. Ya pili, mtoto ameshanyamaza. Ya tatu...

Ya tatu nilisimama.

Juu yangu mtu alikuwa anaimba.

Juu ya mama anayekunja nguo za watu. Sauti nyembamba mwanzoni, inayovunjika kidogo kwenye neno "asubuhi", kisha inapanda. Hakuna mwingine duniani anayelivunja neno hilo hivyo. Nikapanda nikitambaa, nikagonga mlango kwa ngumi.

Wimbo ukakatika.

"Karibu, kaka," ikasema sauti ya mdogo wangu. "Umesahau nini?"

Yule mama alifungua. Mtandio haukuwepo. Shingo yake ilikuwa laini kama ya msichana.

"Nirudishie," nikamwambia. Nilimnyooshea maikrofoni. "Chukua maikrofoni yako. Chukua na vyangu vyote, vinanda, spika, kila kitu. Nirudishie."

"Vile vya nini, kaka? Wewe mwenyewe huvijui, mimi nitavifanyia nini?" Alisema kwa upole, kwa sauti ile ile iliyoniomba Jumatatu. "Nilikuuliza mara mbili."

Nyuma yake yalisimama mashuka yetu meupe, mistari ya pasi bado inaonekana. Nikayatazama vizuri. Kila shuka, karibu na juu, lilikuwa linavutwa ndani kidogo... linaachiwa... linavutwa ndani...

Yalikuwa yanapumua.

Niliiangusha maikrofoni pale mlangoni. Nilivyofika chini sikumbuki.

Ijumaa nilimpeleka Chiriku hospitali. Daktari alimtazama koo kwa kioo kidogo, akasema hakuna hata mchubuko. Labda mvuke, labda sabuni kali, labda mshtuko. Akamwandikia vidonge na kumwambia apumzike. Jumamosi kiongozi wa bendi alikuja, akachukua suti, akasubiri kidogo mlangoni kwa mazoea. Chiriku alimpa chenji na kutazama chini. Yule bwana hakuuliza tena.

Jumapili mchana nilimshika mdogo wangu mkono tukapanda wote ghorofa ya nne. Nilitaka ajue. Nilitaka mtu mwingine aone. Yule mama alifungua, mtandio shingoni, akanong'ona kama mwanzo.

"Kuimba? Mimi? Mwanangu, huu mwaka wa tisa naumwa koo. Ile maikrofoni ilikuwa ya marehemu mume wangu, nilikuona unaipenda nikakupa. Mbona uliitupa mlangoni?"

Nyuma yake niliona viti. Meza. Kabati la kawaida, limefunikwa shuka.

Akamgeukia Chiriku. "Pole, binti yangu." Akaweka kiganja kwenye koo lake mwenyewe, taratibu, akakipitisha huku na huku, kama mtu anayekagua nguo inakaa vipi. Chiriku alirudi nyuma hatua moja.

Kwenye ngazi alinitazama vile watu wanavyomtazama mlevi. Nami hadi leo siwezi kuapa kwamba niliona nilichoona.

Lakini nililotamka naliapia.

Wiki tatu baadaye Chiriku alichukua karatasi tunayoandikia idadi ya nguo, akaandika nyuma yake: *Ulisema nini kule, siku ile?*

Nikamwambia. Boksi, sharti, "nimekupa". Alisikiliza yote amesimama, kisha akaandika tena, akanisogezea.

*Ungeitaja mashine ya ngoma.*

Akarudi kwenye pasi.

Kuna jambo moja sikumwambia. Pale nilipokaa kimya kidogo, mama alipouliza kama kuna mtu anasubiri, wimbo wa Chiriku ulinipita kichwani wote, mwanzo hadi mwisho. Nilielewa anauliza nini. Na nikawaza: nikiwa na maikrofoni kama hii, waimbaji hawatakosekana.

Hilo ndilo nililolifikiria.

Vifaa nimevigawa vyote. Vingi vilikwenda shule ya jirani, na siku mwalimu alipovipakia kwenye mkokoteni sikutoka nje kuangalia. Nimebaki na gitaa moja, lile la kwanza kabisa, ambalo uzi wake wa tatu hulegea. Kila jioni nalipiga kwa muda wa saa mbili, wimbo ule mmoja wa Chiriku. Vidole vilitoka damu, vikaota sugu. Sasa naupiga bila kukosea, na Chiriku hugonga mapigo kwa kidole kwenye meza ya pasi. Midomo haifungui. Labda amenisamehe. Labda anasikiliza tu kwa kuwa hana pa kwenda.

Juzi, jua likizama, tulikuwa hivyo. Mimi kwenye stuli, yeye mbele yangu, pasi mkononi, anamalizia kola ya shati. Tukasikia kutoka nje, chini ya dirisha, karibu kabisa:

"Kaka! Njoo uone. Nimepata kitu kipya."

Sauti yake.

Chiriku aliganda. Pasi ilikaa palepale kwenye kola.

"Njoo, kaka. Hujawahi kuona kama hiki..."

Harufu ya nguo inayoungua ndiyo iliyonizindua. Gitaa lilikuwa chini, sikumbuki kuliweka. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono uko kwenye komeo, na komeo lilikuwa limeshavutwa nusu.

Nikageuka.

Mdogo wangu alikuwa ananitazama.