Maji Yalifika Kifuani

Maiti ya Leonce iliokotwa Jumanne asubuhi, imelala kifudifudi katika mtaro wa zege nyuma ya nyumba za ghorofa za Vickery Meadow, mtaa wa wakimbizi ughaibuni. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha tangu jana yake, na wakazi walisema ni mafuriko tena. Inspekta Chepngetich naye aliamini hivyo, mpaka daktari wa uchunguzi wa maiti alipompigia simu. Mapafu hayakuwa na maji. Leonce alikuwa amepasuka fuvu kisogoni. Maji yalimkuta ameshakufa.

Ndani ya koti lake, kwenye mfuko wa plastiki, walikuta rasimu ya mpango wa jiji wa matumizi ya ardhi. Mvua za siku hizi si zile za zamani, na jiji lilikuwa likichora upya mipaka ya mafuriko: wapi pajengwe, wapi paachwe wazi pamezwe na maji, na nani ahamishwe kabla hajazama. Wakazi waliitwa mkutanoni waeleze maji huwafika wapi. Leonce, kibarua wa ghala aliyejifunza Kiingereza baada ya zamu, alikuwa amepigia mstari sentensi moja tu: wakazi wanasema maji huishia kwenye vifundo vya miguu.

Jumatano Chepngetich alikwenda kumhoji mjane, Concilie. Alimchukua Audace, Mrundi kama marehemu, katekista wa parokia na mkalimani aliyemsaidia kazini kwa miaka sita. Krismasi walikula meza moja. Chepngetich, mzaliwa wa Kericho, hakujua Kirundi, na Audace alimhakikishia kwamba mama huyu hana lugha nyingine.

Concilie alieleza kwa kirefu, kiganja amekibandika kifuani.

"Anasema nini?"

"Moyo unamuuma," Audace alijibu. "Hajui mumewe alikwenda wapi."

Maelezo marefu vile, tafsiri fupi hivi. Inspekta aliliona hilo, akalipuuza. Mfiwa ana maneno yake.

Audace alitangulia kushuka ngazi. Jirani, Esperance, Mkongomani, akaingia na sufuria ya maharage, na Concilie akamwambia kwa Kiswahili kilichonyooka aiweke jikoni. Chepngetich aliganda mlangoni. Alimrudisha Audace kwake, wakaagana vizuri, kisha akageuza gari kurudi kwa Concilie.

"Mama, mbona hukuniambia unajua Kiswahili?"

"Nimekaa kambini Tanzania miaka kumi na miwili, nitakosaje kukijua? Audace alisema polisi wanataka Kirundi tu."

"Na pale uliposhika kifua?"

"Nilikwambia kwamba kule mkutanoni nilisema maji yalinifika hapa. Karatasi ikaandika miguuni. Leonce alipoisoma alimpigia Audace simu. Jumatatu saa kumi na moja jioni Audace akaja, wakatoka pamoja kwenda kuangalia mtaro."

Chepngetich alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Mkalimani wa mkutano ule alikuwa Audace huyo huyo.

Kumbukumbu za simu zilithibitisha. Kamera ya maegesho ilionyesha wanaume wawili chini ya mwavuli mmoja wakielekea nyuma ya nyumba. Alirudi mmoja.

Katika chumba cha mahojiano, Audace alisomewa haki zake. Alisema hahitaji wakili.

"Uliniambia hukumwona Leonce tangu misa ya Jumapili."

"Nilikudanganya, dada."

"Usiniite dada. Maneno ya watu uliyabadilisha kwa nini?"

Alieleza macho yakiwa mezani. Tangu utotoni alihamishwa kambi tatu, na kila mara majirani walitawanywa wasionane tena. Vickery Meadow ndipo walipokusanyika mwishowe, wakaombeana, wakazikana, wakaleleana watoto. Mpaka wa mafuriko ukipita pale, nyumba zingebomolewa, huyu atupwe mji wa DeSoto, yule Houston. Basi kila aliyesema kifuani, yeye alisema miguuni.

"Ghorofa ya chini kuna watoto, Audace."

"Nawajua kwa majina."

Leonce alimwita msaliti, akaapa kwenda kuwaambia maofisa wa mipango wa jiji. Audace akamsukuma, mara moja tu. Kisogo kikagonga ukingo wa zege, mwili ukateremkia mtaroni.

"Ukaondoka. Kesho kutwa yake ukakaa kwa mkewe ukanigeuzia maneno yake."

Chepngetich alitoka, akamwandikia mkuu wake orodha ya kesi zote ambazo mtu huyo alikuwa amemtafsiria. Kila moja ilibidi ifunguliwe upya. Hakujua tena kama ndivyo walivyosema wale aliowafunga.

Mkutano ulirudiwa. Concilie alisema mwenyewe, na mpaka mpya ukapita katikati ya nyumba zao. Kuhusu kutawanyika Audace hakukosea: Esperance alipangiwa Fort Worth, Concilie DeSoto.

Chepngetich alikwenda kumsaidia Concilie kufunga mizigo. Alimuuliza kama angependa wabaki.

"Labda tungechagua kubaki, maji na yaje," Concilie alisema, akifunga sanduku kwa utepe wa gundi. "Labda tungehama wote pamoja. Audace hakutuuliza."

Akamwomba ashike upande wa pili wa kitanda.