Kizuizi Kilichomgomea Cyrus

Cyrus na mkewe Nyanchama waliishi ughaibuni, huko Muaither, katika chumba kimoja cha kupanga. Nyanchama alikuwa askari wa lango katika mtaa wa majumba marefu. Cyrus alipeleka chakula kwa pikipiki, na wateja wake wengi walikaa mtaa huohuo. Wenzake walimtania kwamba ana bahati, anamwona mkewe mchana kutwa. Lakini bahati hiyo ilikuwa imeanza kumchoma roho.

Kila pikipiki iliyoingia pale ililipia. Dereva hakutoa noti. Alipewa kifaa kidogo kama kiberiti. Mashine ya langoni ilikisoma, ikakata malipo, kizuizi kikainuka. Kwa Shaun, jirani yao wa chumba cha pili, kiliinuka upesi. Shaun alipunguza mwendo tu, akapunga mkono na kusema, "Shemeji, salama?" Nyanchama akatabasamu.

Cyrus alipofika, kizuizi kilikaa palepale. Mkewe alipomuuliza kuhusu kifaa, alijibu kwa mkato kwamba anacho. Basi akawekwa kando mpaka ofisi ipigiwe simu, chakula kikipoa. Wivu ukamwingia. Akaacha kumsalimia Shaun.

Jioni moja, wakila ugali, alishindwa kuvumilia.

"Mama Valerie, kwa nini unamfungulia Shaun?"

"Mimi simfungulii mtu. Ni mashine."

"Kwani mashine inampenda Shaun?"

Nyanchama aliweka tonge chini. "Baba Valerie, unaniita nini hasa?"

Cyrus akainuka, akaenda kunawa mikono.

Kesho yake kizuizi kikamgomea tena. Nyanchama alitoka kibandani, akasimama mbele ya pikipiki.

"Ni wewe unabonyeza," Cyrus alisema.

"Vua glavu. Nishike mikono."

"Watu wanaona."

"Waone. Shika yote miwili."

Akaishika. Kibandani hapakuwa na mtu. Mara Shaun akaja kwa njia ya pili. "Shemeji, salama?" Kizuizi cha njia hiyo kikainuka, akapita.

Cyrus aliitazama mikono ya mkewe ndani ya mikono yake. Aliona haya mpaka akateremsha kioo cha helmeti.

"Sasa niambie," Nyanchama akasema. "Kifaa kiko wapi?"

"Kwenye sanduku la chakula. Nilikificha kisiibwe."

Nyanchama akalifungua. Ndani lilizungushiwa foili ya kutunza joto, na kifaa kilikuwa chini kabisa.

"Foili inazuia mawimbi. Mashine haiwezi kukisoma. Si niliwaeleza siku ya kuvigawa, hapahapa? Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa," Cyrus akasema. "Nilikuwa namwangalia Shaun akikuangalia."

Nyanchama alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Basi sikiliza leo. Kifaa kinafungwa mbele, karibu na usukani, kikitazama juu. Kisifunikwe na chuma wala foili. Kisikae mfukoni. Kimeandikishwa kwa namba ya pikipiki hii, kwa hivyo usimwazime mtu. Ukifika hapa punguza mwendo, upite peke yako. Ukimfuata mwenzako mgongoni, kizuizi kitakushukia kichwani."

Bisibisi alikuwa nayo Shaun. Jioni Cyrus alizunguka mlangoni kwake mara mbili kabla ya kupiga hodi.

"Buda, nilidhani umeninunia," Shaun akasema.

"Nilikununia. Nilidhani mke wangu anakufungulia lango."

"Shemeji? Juzi nilipachika kifaa changu kwenye pikipiki ya mwenzetu Benard, namba zikakataa. Mkeo alinirudisha barabarani, na sikuambiwa hata pole."

Walikifunga kifaa pamoja, skrubu baada ya skrubu. Cyrus alikitikisa mara kadhaa kuhakikisha hakichezi.

Asubuhi alifika langoni akipunguza mwendo. Mashine ikalia kidogo, kizuizi kikainuka. Akapita, akaegesha pembeni na kurudi kwa miguu hadi kibandani, akitabasamu.

"Limefunguka," akasema.

"Lango limefunguka," Nyanchama akajibu. "Mimi bado."

Tabasamu likamtoka Cyrus. Akavua helmeti.

"Nilikushuku bure. Ulikuwa wivu tu. Nisamehe."

"Sijasikia vizuri."

Madereva wawili walikuwa wakiingia. Cyrus akarudia, kwa sauti, nao wakasikia kila neno.

Nyanchama akamrudishia helmeti kichwani. "Nimekusamehe," akasema. "Sasa nenda, chakula cha watu bado kina moto."