Zamu ya Jumapili

Jua lilikuwa limezama nyuma ya mashamba ya mahindi Nanyama aliposhuka kwenye bodaboda, nje kidogo ya Kitale. Alikung'uta vumbi kwenye sketi yake, akamwomba mwendeshaji amngoje.

"Sikai, Wanyoike. Tukielewana mshahara tu, unanirudisha mjini."

Wanyoike, baba wa makamo anayeishi mtaa wa Tuwan, Kitale, aliliangalia geti jeusi.

"Kumbe hapa ndio umepata kazi?"

"Bado. Leo ndio tunaongea."

"Basi ongea vizuri," alisema, akazima pikipiki. "Nitakuwa hapa barabarani. Ndani siingii."

Nanyama hakuyatilia maanani maneno hayo. Alikuwa anayapanga ya kwake. Kazi yake ilikuwa kutunza wagonjwa wasiojiweza, na huko Bungoma alikuwa ameifanya kwa miaka kwa mshahara alioukubali siku ya kwanza bila kufungua mdomo. Hata Jumapili hakuwa anaziona. Safari hii alikuwa ameapa. Mdogo wake, Agneta, waliyekuwa wakiishi naye chumba kimoja Bungoma mjini, alikuwa na mimba kubwa, na baba wa mtoto alishapotea. Safari hii Nanyama angesema anachotaka, tena angekisema kwanza.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha.

"Karibu, mama. Keti."

Bi Edinah, mwenye nyumba, alikuwa mwanamke mpole aliyevaa sweta na leso. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kwenye matanga. Sebule yake ilikuwa kama sebule yoyote. Viti vilifunikwa vitambaa vyeupe, ukutani kulikuwa na kalenda ya kanisa, na chai ilikuwa tayari mezani.

Ila ile harufu...

Maziwa yaliyoungua. Na chini yake, udongo mbichi. Udongo wa shimo lililochimbwa leo.

"Mgonjwa ni mume wangu," Bi Edinah alinong'ona, akionyesha mlango uliofungwa mwisho wa sebule. "Haongei. Lakini anasikia yote. Sema unachotaka."

"Elfu arobaini na tano kwa mwezi," Nanyama alisema, huku akijua angeshukuru kupewa thelathini.

Bi Edinah hakushtuka. Aligeuka, akautazama ule mlango. Akangoja.

Ko.

Mara moja. Kama kifundo cha kidole kwenye ubao.

"Amekubali," alisema.

Nanyama aliingiwa na ujasiri. Chakula kiwe juu yao. Ko. Chumba chake mwenyewe, chenye kufuli. Ko. Jibu lilikuwa linakuja hata kabla hajamaliza kusema. Maisha yake yote hakuwahi kuomba na kupewa hivyo, na utamu wake ulimpanda kichwani.

"Na Jumapili ni yangu," alisema. "Siku nzima. Niende kanisani, nimwone mdogo wangu."

Kimya.

Bi Edinah alianza kuisokota ncha ya leso yake. "Inawezekana. Lakini hakai peke yake. Siku ambayo haupo, nani atashika zamu yako? Taja mtu tu."

Nanyama alidhani ni yale maswali ya kila kazi, ya ukipatwa na jambo tumpigie nani. Hakufikiria mara mbili.

"Agneta. Mdogo wangu, Agneta."

Ko. Ko. Ko.

Harufu ya udongo ilijaa sebule nzima. Papo hapo simu yake ikatetemeka mkononi. Alikuwa Agneta.

"Dada, si ungeniambia unarudi leo?"

"Narudi wapi? Niko Kitale."

"Wacha mchezo bana. Si ni wewe unaniita hapa nje? Nimetoka mpaka kwa geti na sikuoni... Ngoja. Ndio hiyo sauti yako tena. Haya, nakuja!"

"Agneta, usiitike! Rudi ndani!"

Lakini Agneta hakuwa anamsikia tena. Yalisikika malapa tu, yakiburuta kwenye kokoto. Kisha, ndani ya simu, Nanyama alisikia sauti yake mwenyewe. Tulivu. Tamu.

"Agneta. Njoo ushike zamu."

Na sauti hiyohiyo, wakati huohuo, ilitoka nyuma ya mlango uliofungwa.

Nanyama aliruka juu. Kikombe kikaanguka, chai ikamwagika. "Mama, nimebadilisha nia. Kazi siitaki."

"Kazi unaweza kukataa," Bi Edinah alisema, na machozi yakamjaa machoni. "Hata mimi niliambiwa hivyo. Lakini jina ameshalishika, na hawezi kuliachilia bure. Ongea naye. Si umekuja kuongea?"

Nanyama alisogea mpaka mbele ya ule mlango. Akaugusa. Ubao ulikuwa wa baridi, tena umelowa.

"Mwachie mdogo wangu. Ana mtoto tumboni."

Kimya.

"Mshahara baki nao. Chumba baki nacho. Sitaki kitu chako!"

Kimya. Ndani ya simu Agneta alikuwa anahema. "Dada, mbona unaenda mbali? Ningojee basi, tumbo ni zito..."

Hapo ndipo Nanyama alipoelewa kuwa alikuwa anarudisha vitu ambavyo bado havikuwa vyake. Kile kilichokuwa nyuma ya mlango kilitaka kitu kilicho chake kweli.

"Jumapili!" alipiga kelele. "Jumapili zangu chukua! Zote! Ni zangu mimi, si za Agneta. Mwachie!"

Kitu kilijiburuta upande wa pili. Polepole... Kikapanda na ubao. Kikasimama usawa wa uso wake. Alikisikia kikivuta pumzi, kama mtu anayenusa chakula.

Ko.

"Ai!" Agneta alilia kwenye simu. "Dada! Niko katikati ya reli! Nimefikaje hapa?"

Nanyama hakuaga. Alikimbia mpaka barabarani, akamkuta Wanyoike ameshawasha pikipiki. Walienda mbio mpaka taa za Tuwan zilipoonekana. Hapo Wanyoike akapunguza mwendo.

"Mmekubaliana?"

"Sikuchukua kazi."

"Sijauliza kama umechukua."

Wanyoike alitikisa kichwa. "Watu wanasema mengi. Kuna wanaosema yule mzee alienda mbali kutafuta dawa ya mali, na kilichorudi si yeye. Wengine wanasema alishakufa, na mama amekataa kumzika. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba niliwahi kumpeleka msichana mmoja wa kutoka Misikhu pale. Bado namwona sokoni akinunua mboga. Ukimsalimia, anageuka kwanza, anasikiliza nyuma yake, ndipo anakujibu."

Agneta alijifungua salama, mtoto wa kike. Nanyama naye alipata kazi nyingine hapohapo Bungoma, na mshahara uliotajwa akaupokea bila neno. Tangu jioni ile hakuwa na hamu ya kuomba kitu.

Lakini Jumapili hazioni.

Analala Jumamosi, anaamka Jumatatu, na mikono yake inanuka maziwa yaliyoungua. Yanayotokea katikati anasimuliwa na Agneta. Ati anaamka alfajiri, anavaa vizuri, anavuta kiti na kukaa akiutazama ukuta. Hali. Hanywi. Mikono yake inasukuma na kuinua polepole, kama anamgeuza mtu mzito kitandani. Jumapili moja mchungaji alikuja kumwombea. Nanyama aliitikia amina kila ilipostahili, kwa adabu, bila kugeuza kichwa.

Mwisho wakazoea. Mtu huzoea. Siku moja kati ya saba haikuwa bei mbaya kwa uhai wa watu wawili. Ndivyo walivyoambizana.

Mpaka Jumapili iliyopita.

Jioni ilikuwa inaingia, na Agneta alikuwa anamnyonyesha mtoto. Akamsikia dada yake akiongea. Ukiacha zile amina, hakuwa amewahi kuongea Jumapili. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayepatana bei na hataki majirani wasikie.

"Hapana," Nanyama aliuambia ukuta. "Tulishaelewana."

Kimya. Alikuwa anasikiliza.

"Mtoto hapana. Mtoto usimtaje."

Ko, ukutani. Ko. Ko.

Mtoto aliacha kunyonya. Aligeuza kichwa chake kidogo kuelekea ule ukuta, akatulia tuli, kama mtu aliyeitwa. Agneta alimziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Nanyama aliinamisha shingo. Mikono ikakoma kusukuma.

"Basi," alisema, "ongeza Jumamosi."